Usiku dungu lilipotembea Kibiti

Saa kumi na moja alfajiri mama aliamka kuwasha jiko, akamkuta mwanawe wa mwisho ameketi sakafuni karibu na mlango wa mbele. Alikuwa amevaa viatu. Begi la shule alikuwa amelipakata, na ndani yake hamkuwa na daftari hata moja. Kulikuwa na fulana mbili, tochi ya baba na nusu pakiti ya biskuti.

Mtoto ana miaka saba. Mama alipomuuliza anakwenda wapi alfajiri ile, alijibu kwamba haendi popote. Anasubiri tu. Dungu likija, alisema, hakutakuwa na muda wa kukusanya vitu.

Kwa asiyeijua Rufiji, dungu ni kibanda cha mkulima wa mpunga kinachosimama juu ya nguzo ndefu. Msimu wa shamba mkulima hulala humo, huwinga ndege na kufukuza nguruwe pori, na mto ukifurika yeye hubaki juu ya maji. Dungu halitembei. Lakini usiku uliotangulia, sebuleni mwa nyumba ile ya kupanga mjini Kibiti, lilitembea, na aliyelitembeza ni baba mwenye nyumba.

Baba huyo ni mwalimu wa shule ya msingi. Likizo ya Juni ilikuwa imeanza, na nyumba ilikuwa na ugomvi mmoja usiokwisha: simu. Simu ni mbili, ya baba na ya mama, na watoto ni watatu. Binti mkubwa yuko kidato cha pili, wa kati darasa la sita, na huyo mdogo. Bando likiisha, kelele. Chaji ikiisha, kelele. Umeme ukikatika, kila mmoja hukaa kona yake kama aliyefiwa.

Jioni moja ya giza baba alianza kuwasimulia jinsi yeye alivyokua bila simu, akiwa kijijini kwao upande wa delta. Kulikuwa na redio moja kwa nyumba kadhaa. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati. Mmoja wa wahusika wake alikuwa dereva wa lori, Mkwaju, mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu akabaki na mzigo wa nyumba. Watu wazima walimsema Mkwaju kana kwamba ni jirani. Walikasirika naye, wakamwonea huruma Tunu, na Mkwaju alipopata Ukimwi, watu walinyamaza barazani.

Mchezo ule ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya Ukimwi, na watafiti waliufuatilia kwa makini. Kwa miaka miwili ya mwanzo haukurushwa na kituo cha Dodoma, ili wasikilizaji wa kwingine walinganishwe na watu wasiousikia. Tofauti ilionekana. Waliousikiliza walizungumza zaidi na wenzi wao kuhusu uzazi, na wengi zaidi walianza kutumia njia za kupanga uzazi.

"Sasa na sisi tutengeneze wetu," alisema binti mkubwa. Alikuwa anatania, lakini baba alilichukua neno hilo moja kwa moja.

Hadithi aliyoichagua ilikuwa kwenye kitabu cha Kiingereza alichotoka nacho chuoni, The War of the Worlds cha Mwingereza H. G. Wells, kilichotoka mwaka 1898. Viumbe wa Mirihi, ile sayari nyekundu ambayo wengi huiita Mars, wanatua karibu na London ndani ya mitungi mikubwa ya chuma. Wanatoka wakiwa ndani ya mashine ndefu zenye miguu mitatu, wanachoma kila kitu kwa miale ya joto, na watu wanakimbia barabarani kwa maelfu. Mizinga haiwawezi. Mwishoni wanakufa wenyewe, kwa vijidudu ambavyo binadamu amezoea kuishi navyo lakini miili yao haikuwahi kuvijua.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza. Baba alijua kwamba hata hadithi ndefu kuliko hiyo imewahi kuwekwa redioni. Mwaka 1973 BBC ilitangaza Foundation ya Isaac Asimov, vitabu vitatu vinavyoeleza karne nyingi za kuanguka kwa dola ya angani, kwa sehemu nane za saa moja moja. Yeye alijiwekea sehemu sita, kila moja dakika kumi na tano, akaziandika kwenye kaunta buku.

Alijifunza haraka kwamba sikio lina sheria zake. Sauti tatu zinatosha kwa tukio moja, zikizidi msikilizaji hajui nani anasema. Kila tukio lianze na mlio unaoonyesha mahali: kengele za baiskeli kwa sokoni, kasia kwa mtoni, honi ya basi kwa barabara kuu ya kwenda Lindi. Na mhusika asiseme tu "tazama kile," maana msikilizaji haoni. Aseme kile kina nini.

Milio ilitoka jikoni. Mchele ukipepetwa kwenye ungo ulikuwa mvua. Kipande cha bati kikitikiswa kilikuwa radi. Vifuu viwili vya nazi vilikuwa nyayo. Kifuniko cha mtungi wa Mirihi kilifunguka kwa mbuzi ya nazi iliyokwaruzwa polepole juu ya sufuria, na wa kati alifurahia mlio huo hata mama akaja kuuliza sufuria yake imekosa nini.

Kazi ya pili ilikuwa kuhamisha. London ikawa Dar es Salaam. Uwanja ulikoangukia mtungi wa kwanza ukawa fungu la mchanga mbele ya Nyamisati, pale boti za Mafia zinapopita. Wavuvi wa kamba ndio waliouona kwanza, wakidhani ni boya kubwa lililokatika. Binti mkubwa alikuwa mwandishi wa habari, akikatiza muziki wa taarabu kwa "taarifa iliyotufikia hivi punde." Na zile mashine za miguu mitatu, zilizotokea usiku juu ya mikoko kila radi ilipopiga, baba hakuhangaika kutafuta mfano. Mvuvi kwenye mtumbwi alipiga kelele kwamba ameona dungu linatembea.

Bibi, mama yake baba, alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele siku waliporekodi sehemu hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hayo ya vyuma kuja kupigana hapa si ya kutunga. Wazee wetu waliyaona."

Bibi alikuwa sahihi. Septemba 1914 meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Uingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar, kisha ikarudi kujificha kwenye mito ya delta ya Rufiji katikati ya mikoko. Waingereza waliitafuta kwa ndege, kitu ambacho anga ya delta haikuwahi kukibeba. Julai 1915 meli mbili zinazoweza kupita kwenye maji mafupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikipiga mizinga huku ndege ikielekeza kutoka juu. Königsberg iliishia hapo. Wajerumani waliitoa mizinga yake majini, wakaivuta nchi kavu na kuendelea na vita yao.

Hayo yalitokea miaka 17 tu baada ya kitabu cha Wells kutoka. Na mwanzoni mwa kitabu hicho Wells anawakumbusha Waingereza wenzake jinsi wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania, kabla ya kuwalaumu viumbe wa Mirihi. Baba alimweleza hivyo binti yake, na binti akaomba bibi apewe sehemu. Bibi akawa mwanamke mzee anayewaambia wavuvi kwamba wageni wenye chuma si wapya.

Mtoto mdogo hakuwa na sehemu. Alikuwa anacheka katikati ya kurekodi, anakohoa, anauliza maswali. Kwa hiyo walirekodi mchana akiwa madrasa. Usiku baba alihamisha sauti kwenye memori kadi, akaichomeka kwenye redio ndogo ya bibi, na familia nzima ikakaa kusikiliza. Mdogo alisikia sauti zikitoka kwenye redio ile ile inayotoa taarifa ya habari.

Usiku wa kwanza alisogea karibu na mama. Usiku wa pili aliuliza kama Nyamisati ni mbali. Usiku wa tatu, dungu lilipotembea, hakuuliza kitu. Baba aliuchukua ukimya huo kuwa dalili kwamba mchezo umenoga.

Alfajiri ndipo begi lilipoonekana.

"Baba watoto, njoo umwone mwanao," mama aliita, na sauti yake haikuwa ya kuchekesha. Baba alianza kueleza kwamba ni mchezo tu, kwamba dada ndiye mtangazaji, kwamba radi ni bati. Mtoto alitikisa kichwa kukubali kila neno, huku mikono haijaliacha begi.

Bibi ndiye aliyesema jambo ambalo baba alikuwa analijua lakini hakuliunganisha. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alisema. "Umesahau huyu alikuwa na nani mwaka jana?"

Aprili 2024 mvua kubwa zilileta mafuriko katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mashamba yalizama, nyumba zikajaa maji, familia nyingi zikahamishiwa kwenye makambi. Mtoto huyo, akiwa na miaka sita, alikuwa kwa bibi yake shambani wakati maji yalipopanda. Walikaa ndani ya dungu siku mbili usiku na mchana, bibi, mjukuu, mfuko wa mchele mbichi na redio ndogo ikitoa taarifa za mafuriko hadi betri zilipokwisha. Siku ya tatu walichukuliwa kwa mtumbwi. Mtoto alifika Kibiti salama, akala, akalala, akarudi shule. Hakulia na hakusimulia. Wazazi walishukuru Mungu na kusema kwamba watoto husahau upesi.

Sasa baba aliona alichokifanya. Kwa mtoto wake, mto, radi, giza na maji havikuwa vitu vya kutunga. Kilichokuwa imara katika siku zile mbili ni dungu peke yake. Baba alikichukua kitu hicho kimoja, akakipa miguu, akakituma kumfukuza. Na habari hiyo ilitoka kwenye redio ile ile.

Yeye si wa kwanza kufanya kosa la namna hiyo. Tarehe 30 Oktoba 1938 kijana wa Marekani, Orson Welles, alitangaza hadithi hiyo hiyo kwenye redio ya CBS. Mtungi uliangukia Grover's Mill, kijiji halisi cha jimbo la New Jersey, na habari ikaja kwa mtindo wa taarifa zinazokatiza muziki. Baadhi ya wasikilizaji waliamini na kuogopa kweli, ingawa wanahistoria wanasema magazeti ya kesho yake yalitia chumvi sana kuhusu taharuki hiyo. Mwaka 1949, huko Quito, mji mkuu wa Ecuador, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kituo cha redio kilihamishia hadithi kwenye vitongoji vya mji wenyewe. Watu walitoka mitaani wakiwa na hofu, na walipoambiwa ni mchezo, hasira ikawaka. Jengo la kituo lilichomwa moto na watu wakafa ndani.

Ukimwambia mtu kwamba hatari iko London, anasikiliza hadithi. Ukimwambia iko Nyamisati, anaangalia mlango. Kuhamishia hadithi nyumbani ndiko kunakoipa nguvu. Hata Twende na Wakati uliwaingia watu kwa sababu Mkwaju alikuwa dereva wa barabara wanazozijua. Nguvu hiyo hiyo inaweza kumfundisha mtu mzima kujikinga, na inaweza kumkalisha mtoto wa miaka saba mlangoni alfajiri akiwa na biskuti.

Mama alitaka mchezo ukomeshwe siku hiyo hiyo. Baba alikuwa tayari kufuta kila kitu. Aliyepinga ni mtoto mwenyewe. "Mkiacha hapo," alisema, "litabaki linatembea."

Hakuna aliyekuwa na jibu la hilo. Kama hadithi ingekatwa usiku wa tatu, kwake yeye dungu lingeendelea kuzunguka huko nje siku zote.

Asubuhi hiyo bibi alimwita, "Mume wangu, njoo hapa," kama anavyowatania wajukuu zake wa kiume. Alichukua vijiti vinne na kifuniko cha ndoo, akamwonyesha dungu linavyojengwa: nguzo za mikoko zinavyochimbiwa chini, kwa nini hazivutwi na maji, ngazi inakaa upande gani. Kisha akaanza kusimulia zile siku mbili, kwa mpangilio, tangu maji yalipofika kwenye tuta la kwanza. Mtoto alimsahihisha. Si mchele tuliokula kwanza, alisema, tulikula muwa. Na usiku wa pili bibi ulikuwa unalia, ukadhani nimelala.

Baba na mama walikuwa wamesimama mlangoni mwa jiko. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia hayo, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mafuriko.

Sehemu tatu zilizobaki ziliandikwa upya na mdogo akiwamo. Hawakumpeleka tena pembeni. Alipewa vifuu, na kuanzia hapo dungu lilitembea pale yeye alipoligonga na kusimama pale aliponyamaza. Alikuwa mkali. Dada akisoma haraka, alikuwa anagoma kugonga. Akikohoa, walirudia bila kumfokea. Usiku, redio ilipoanza, alikaa mbele kabisa akihesabu kwa vidole nyayo alizozigonga mwenyewe mchana.

Sehemu ya mwisho ilileta ubishi. Kwa Wells, mashine zinasimama kimya na viumbe wamekufa ndani yake. Mtoto alikubali viumbe wafe kwa bakteria, lakini alikataa dungu lianguke. Walibishana jioni nzima. Binti mkubwa alisema mwandishi hakuandika hivyo, na baba, ambaye alikuwa amekwisha ihamisha London yote, hakuona haki ya kukataa. Katika mchezo wa Kibiti, dungu la mwisho limesimama kwenye maji, tupu, na mwanamke mzee anapanda ngazi kuangalia kama linafaa kulala.

Likizo ijayo wanataka kujaribu hadithi ya Kiswahili, Walenisi ya Mkenya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo mtu aitwaye Dzombo, aliyehukumiwa, anarushwa angani na kufika kwenye ulimwengu ambao jina lake ni maneno matatu yaliyounganishwa: wale ni sisi. Mdogo ameshauliza chombo cha Dzombo kitalia vipi, na ameomba akiendeshe yeye.

Mzazi anayetaka kufanya hivi nyumbani hahitaji studio. Simu moja, kaunta buku na vyombo vya jikoni vinatosha. Muhimu ni kufikiri kwanza mtoto gani atakayesikiliza na amepitia nini. Mtoto aliyefiwa, aliyehama, aliyeona moto au maji, anaisikia hadithi tofauti na ndugu yake aliyekaa naye mkeka mmoja. Asiachwe kuwa msikilizaji tu, apewe kitu mkononi, agonge mlio mmoja, ajue hofu inavyotengenezwa. Baada ya kipindi redio izimwe na watu wakae kidogo kabla ya kwenda kulala. Na mtoto akinyamaza katikati ya jambo la kutisha, mzazi asifurahie ukimya huo. Amuulize.

Baba huyo amejifunza pia kutokimbilia kusema kwamba mambo yamekwisha. Mtoto analala vizuri siku nyingi. Anasimulia habari za mafuriko akiulizwa, na mara nyingine asipoulizwa. Lakini mvua kubwa ikianza kupiga bati usiku, kesho yake begi huonekana karibu na mlango, na ndani yake fulana mbili na tochi.

Mama alitaka kulirudisha chumbani. Baba alimwomba aliache. Siku hizi yeye huangalia tu kama tochi ina betri.